Mwaka Niliozipanga Santuri za Bi Tunu

Neno lililonikasirisha ni "kitaalamu". Lilikuwa kwenye kipeperushi cha rangi alichokuja nacho kijana mmoja kwenye arobaini ya Bi Tunu, Kisarawe, mwezi uliopita. Nilikuwa nimeketi uani kwenye mkeka, mtandio kichwani kwa heshima ya khitma, sahani ya pilau mbele yangu, kipeperushi kikanifikia kikiwa na alama ya kidole cha mafuta cha aliyekisoma kabla yangu. Kilisema kwamba mkusanyo wa marehemu, santuri zaidi ya mia mbili za muziki wa kila aina, utahamishiwa kwenye kituo chao cha kumbukumbu ili watu waje kuutazama, na kwamba ulikuwa mkusanyo wa pekee kwa sababu zamani ulipangwa kitaalamu na karani wa maktaba, Bi Anastazia. Anastazia ni mimi. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, akanisalimu shikamoo kwa kuinama, akasema amefurahi mno kunikuta hai. Kisha akanipa fomu ya kusaini. Fomu ilisema nathibitisha mpangilio wa aina za muziki, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba vitambaa vilivyomo ndani ya mifuko ya santuri vitaondolewa ili visilete ukungu. Hamisi, mtoto wa kaka yake marehemu, alikwisha kusaini. Mimi nilimwambia kijana aniache nimalize kula. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na sikutaka aione.

Nimefundisha watu kupanga vitabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Silidharau kazi ya kupanga. Ni kazi nzuri, na kijana yeyote anayeisoma leo namwambia aendelee. Lakini naomba nieleze polepole jinsi mimi, kwa mikono yangu, nilivyozipanga santuri za Bi Tunu, ili mtu akisoma tena neno "kitaalamu" karibu na jina langu ajue linafunika nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ofisi yetu Kibaha ilinituma Kisarawe kwa mwaka mmoja kufungua chumba cha kusomea, kabati moja na maboksi sita ya vitabu, ikanitafutia mahali pa kulala kwa Bi Tunu. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu mbele tu, pale ambapo wapita njia wanaona. Chumba changu kilikuwa cha pili kushoto, na kuta, kama za nyumba nyingi za wakati ule, hazikufika kwenye paa. Kilichosemwa chumba cha tatu kilipita juu ya ukuta kikaanguka kitandani kwangu. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha. Mchana ulikuwa wa ugali na kisamvu cha nazi, siku nyingine samaki wa ng'onda, na mafenesi yalipoiva nyumba nzima ilinuka fenesi mpaka nguo zikashika harufu. Nilijifunza kula na kusikiliza kwa wakati mmoja, maana wanawake waliokuja kwa Bi Tunu hawakunyamaza kwa ajili ya chakula.

Chumba cha tatu ndicho kilichokuwa cha santuri. Vijana wasiozijua, santuri ni ile sahani nyeusi yenye mifereji myembamba, mashine inaizungusha na sindano inapita kwenye mifereji ikitoa sauti. Bi Tunu alikuwa na makasha mawili ya mbao yaliyojaa santuri zilizosimamishwa wima, na mashine ya kubeba mkononi iliyokula mawe sita makubwa, kama yale ya tochi. Mawe yalikuwa adimu mwaka ule, kwa hiyo kila asubuhi aliyaanika juani kwenye ungo yapate nguvu tena, na kuku akiyakaribia alifukuzwa kwa matusi ambayo sitayaandika. Siku ya kwanza nilipopewa ruhusa ya kupekua, nilidhani naota. Palikuwa na taarabu ya Unguja na ya Mombasa, dansi la Dar es Salaam, rumba la Kongo, filimbi za Afrika Kusini, udi wa Misri, nyimbo za filamu za Kihindi, kwaya za kanisani, chacha, magitaa ya wachunga ng'ombe wa Marekani, fidla za Ulaya, bendi za tarumbeta za kijeshi. Nikamuuliza anapenda muziki gani hasa. Akanitazama kama niliyeuliza anampenda mtoto gani wa jirani. "Mie sipendi wala sichukii," akasema. "Hizi si zangu."

Nilichukua wiki kadhaa kuelewa. Kisarawe, msichana akivunja ungo, alikuwa anawekwa ndani na kufundwa, na siku ya kutolewa palikuwa na sherehe kubwa ya ngoma. Mtaa wa Bi Tunu, tangu mumewe alipoleta ile mashine, ulikuwa umejiongezea desturi yake. Familia ya mwali ilinunua santuri moja, yoyote waliyoipata, Kariakoo au kwa duka la Mhindi au kwa baharia mwenye shida. Siku mwali anatolewa, santuri ile ilipigwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo ilikuwa ya yule msichana. Hakuna mwingine aliyechezewa kwayo. Aliwekewa Bi Tunu kama amana. Ilipigwa tena siku ya harusi yake, tena alipotoka arobaini ya uzazi, tena alipopata msiba na kumaliza eda, kumwambia rudi sasa duniani. Ndiyo sababu makasha yale yalikuwa na dunia nzima ndani yake: hakuna aliyechagua aina ya muziki. Watu walinunua walichokikuta, na walichokikuta kikawa mtu.

Santuri ya Zaituni, binti wa nyumba ya nne, ilikuwa matarumbeta ya kijeshi, na mimi nimemwona msichana yule mpole akitembea uani kwa mwendo wa gwaride huku shangazi zake wakilia kwa furaha. Ya jirani aliyeitwa Pili, muuza vitumbua, haikuwa wimbo kabisa. Baba yake aliuziwa santuri ya mazoezi ya viungo, mwanamume akihesabu moja hadi nane kwa Kijerumani, piano ikimfuata nyuma. Nilisikia juu ya ukuta wanawake wakimtania kwamba Pili hataweza kumdanganya mumewe umri, maana alihesabiwa mbele ya watu kwa Kijerumani. Pili akajibu kwamba afadhali yeye aliyehesabiwa, wapo waliotolewa ndani na hawakutimia. Wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Lakini santuri ikianza kuhesabu, hakuna aliyecheka. Walicheza. Nimeona uani kwa Bi Tunu wanawake ishirini wakicheza hesabu ya Kijerumani kwa viuno vya Kizaramo, na sijaona tena kitu kizuri kama kile.

Bi Tunu alizijuaje, santuri mia mbili za watu mia mbili? Kwa njia mbili. Ya kwanza, ndani ya kila mfuko palikuwa na kipande cha kanga, ukanda wa upana wa vidole viwili, ambao somo wa mwali, yaani kungwi aliyemfunda, aliuchana kutoka kwenye kanga aliyovaa mwali siku ya kutolewa. Ya pili, zilisimama kwenye kasha kwa mpangilio wa nyumba, kuanzia ile iliyo karibu na msikiti, kuteremka hadi kisimani, kisha kupanda upande wa pili. Aliingiza mkono bila kutazama akatoa ya mtu anayemtaka. Majina yaliyochapishwa katikati ya santuri hakuyasoma. Alisoma Kurani kila alfajiri, kwa sauti, bila kukwama, nami nilimsikia mwaka mzima. Nalisema hili kwa sababu mtu mmoja aliandika baadaye kwamba alikuwa hajui kusoma.

Mtu huyo nitamwita Bwana Matiku. Alikuwa mkubwa wangu ofisini, mtu wa suti za kaunda zilizopigwa pasi hadi mifukoni. Alikuja kukagua chumba cha kusomea, akala chakula kwa Bi Tunu, akaona makasha. Bi Tunu alipotoka kwenda kuongeza mchuzi, alinong'ona, na ukuta haukuweza kumficha hata kama angejaribu. "Binti, huyu mama hajui alichonacho. Hii ni hazina imekaa kama nguo za mtumba. Ipange. Utaandika taarifa, jina lako litafika juu." Nilipaswa kumwambia kwamba hazina ile ilikuwa imepangwa tayari. Sikumwambia, kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini kwamba ule ulikuwa mpangilio. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti. Nilijua kupanga ni kupanga kwa aina, kwa mtunzi, kwa namba. Kupanga kwa nyumba ya karibu na msikiti sikufundishwa.

Mwezi uliofuata Bi Tunu alifiwa na mjomba wake huko Vihingo, akaenda kukaa matangani wiki nzima. Kabla ya kuondoka nilimwomba ruhusa ya kufuta vumbi santuri zake. Akasema futa, mwanangu, Mungu akubariki. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa: ya vumbi.

Nilifanya kazi siku tano, na nakiri nilikuwa na furaha. Nilizitandaza kwenye mikeka, nikazifuta moja moja kwa kitambaa laini, nikazigawa: taarabu huku, dansi huku, za Kihindi pale, za Ulaya dirishani. Nilibandika namba kwenye kila mfuko na kuandika orodha kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Vipande vya kanga nilivitoa vyote. Vingine vilikuwa na unyevu, vingine vimeacha madoa ya rangi kwenye karatasi, nami nilikuwa nimefundishwa kwamba nguo mbichi ni adui wa kumbukumbu. Vilijaa kikapu. Bwana Matiku alikuja siku ya nne kutazama, akasema uchafu ule uchomwe, nami nikauchoma jikoni, chini ya chungu cha maharage. Kanga inaungua haraka. Yeye akachukua katoni moja ya zile nilizoziita "za nje, si za asili", akasema Kibaha ndiko zitakakoamuliwa kama zinafaa kubaki au kutupwa. Ya kuhesabu Kijerumani niliiandikia maneno mawili kwenye orodha: si muziki. Nayo ikaingia kwenye katoni.

Naandika haya nikiwa na miaka sitini na kitu na bado sijapata namna ya kujisamehe neno lile. Si muziki. Nilikuwa nimewaona wakiicheza.

Bi Tunu alirudi siku ya Alhamisi mchana. Nilikuwa nimempikia ubwabwa wa nazi ili chakula na habari njema viende pamoja. Aliingia chumba cha tatu, nami nikamfuata nikiwa na orodha mkononi kama mtoto aliyepata maksi. Akafungua kasha la kwanza. Akaingiza mkono pale alipozoea, akatoa santuri, akatazama ndani ya mfuko. Akairudisha. Akatoa nyingine. Alifanya hivyo mara nne au tano, kisha akaketi sakafuni.

"Watu wangu umewaweka wapi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kuhusu aina. Nikasema taarabu sasa zote ziko pamoja, akitaka dansi ni hapa, namba hizi zinamwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kumkata mtu kauli. Kisha akaniuliza viko wapi vitambaa. Nikamwambia.

"Umewavua nguo," akasema. "Wanawake mia mbili umewavua nguo, halafu umewapanga mstari."

Hakupaza sauti. Angenipiga ningejua la kufanya. Ubwabwa ulipoa, na siku ile hakuna aliyekula nyumbani mwake.

Harusi ya Zaituni ilikuwa Jumapili ile ile, anaolewa Vihingo. Matarumbeta yake yalikuwa kwenye katoni, Kibaha. Ijumaa alfajiri nilipanda lori la mkaa lililopita njia ya Soga, likaharibika mara mbili, nikafika ofisini saa tisa alasiri nikiwa mweusi hadi kwenye kope. Katoni ilikuwa chini ya meza ya Bwana Matiku, wazi. Juu ya meza palikuwa na chupa yake ya chai, na chini ya chupa, ili isichafue meza, palikuwa na santuri. Sikuhitaji kuinama kusoma. Nilijua ni ya Pili, maana ndiyo pekee iliyokuwa na lebo ya kijani. Nilimwambia ile ni ya mtu. Akasema, si uliandika mwenyewe kwamba si muziki? Na ilikuwa kweli. Mpaka leo, nikiwa na hasira naye, lazima nipitie kwenye ukweli ule kwanza, kama mtu anayepita mlangoni mwa jirani mbaya kufika kwake. Lakini hasira ninayo na ni halali. Nilimwomba katoni nikamweleza kuhusu harusi, kuhusu mwali na santuri yake, kuhusu kanga. Akacheka kidogo, kwa upole, akasema nisijiingize kwenye mila za watu, nimeajiriwa kuhifadhi utamaduni. Aliyasema hayo mawili ndani ya sentensi moja wala hakuyasikia yakigongana. Akasema mali imekwisha kuingizwa kwenye orodha, haiwezi kutoka bila barua.

Nilisubiri barua Jumamosi nzima kwenye benchi la nje. Haikuandikwa. Jumapili ofisi ilifungwa. Jumatatu mlinzi, mzee mmoja mwenye binti wanne, alinifungulia mlango kabla wakubwa hawajafika, akageuka kutazama upande wa barabara kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikabeba katoni. Kama ule ulikuwa wizi, ndio wizi pekee maishani mwangu, na ningeurudia kesho.

Nilipofika Kisarawe, Zaituni alikuwa amekwisha kuondoka. Walinisimulia. Alikuwa amekaa chumbani amevaa, anasubiri matarumbeta yake, na watu wa upande wa mume wanasubiri nje. Bi Tunu akaingia kumwambia hayapo. Shangazi yake mmoja akataka apigiwe taarabu, nzuri, mpya, ya mwingine. Zaituni akasema hawezi kutoka kwa miguu ya mtu. Akakaa. Upande wa mume wakaanza kunong'ona kwamba bibi harusi hataki, kwamba labda kuna jambo. Mwishowe akatoka kimya, bila ngoma wala wimbo, kama mtu anayepelekwa hospitali. Kwa mwanamke wa mtaa ule, hiyo ilikuwa sawa na kuolewa bila jina. Na lawama yote ilimwangukia Bi Tunu. Wanawake walikuja mmoja mmoja kudai amana zao kwa sauti za chini, naye akashindwa kuwapa, maana hakujua tena ipi ya nani. Nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia kila neno.

Wiki mbili baadaye nilipeleka matarumbeta Vihingo kwa miguu, na mashine kichwani. Zaituni alinipokea vizuri, akanipa maji na muhogo wa kuchoma. Nilipofungua mashine akaweka kiganja juu ya sahani inayozunguka. "Dada Anastazia, unataka kunipigia harusi ya nani?" akaniuliza. "Yangu imekwisha." Akasema nimrudishie Bi Tunu, ndiye mwenye kuiweka. Nikafunga mashine nikarudi.

Miezi saba iliyobaki ya mwaka ule ndiyo iliyonilea. Kila siku baada ya kazi, mimi na Bi Tunu tulichukua santuri kumi na mashine, tukaanza nyumba ya karibu na msikiti. Tuliketi uani, tukapiga ya kwanza, tukangoja. Haikuwa kazi ya kubahatisha, ingawa mtu angedhani hivyo. Mwanamke anaweza kusahau maneno ya wimbo wake, lakini mwili hausahau. Tulipiga rumba, hakuna kitu. Tulipiga wimbo wa filamu ya Kihindi, na mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akaacha ungo ukainama, mchele ukamwagika. "Hiyo ni mie," akasema, wala hakuuokota mchele mpaka wimbo ulipokwisha. Nyumba nyingine tulikula, nyingine tulitukanwa. Bibi mmoja alidai nyimbo tatu, na jirani yake akamwambia aache uroho, alitolewa ndani mara moja tu. Pili alipoisikia hesabu yake hakucheza. Alipitisha kidole kwenye duara lililoachwa na chupa ya chai, akaniuliza nani amefanya hivi. Nikasema ni mimi. Akanitazama, akasema mbona sindano inapita tu, wee unalia nini.

Kila aliyeipata yake alichana kipande kipya cha kanga. Kanga za zamani nyingi zilikuwa zimekwisha chakaa au kufanywa mbeleko, wakachana walizokuwa wamevaa. Nikaomba niandike na majina. Bi Tunu akasema andika, mwanangu, wino haudhuru, ila kitambaa usikiguse. Santuri kumi na moja hazikupata mwenyewe. Mwisho wa mwaka niliitwa Kibaha kujibu kuhusu katoni, nikapewa onyo la maandishi na kuhamishwa. Taarifa ya Bwana Matiku ilikwisha kufika juu: mkusanyo wa mwanamke asiyejua kusoma, uliookolewa na kupangwa kitaalamu. Hapo ndipo kijana wetu wa kwenye arobaini alipolitoa lile neno. Uongo ukikaa faili miaka arobaini unatoka ukiwa na heshima.

Basi, nilimaliza pilau yangu. Nikanawa mikono. Wanaume walikuwa barazani na maalimu aliyesomesha khitma, nikamwomba Hamisi nimuulize mzee yule swali moja. Nikauliza mtu akifa na amana za watu ndani ya nyumba yake, warithi wanazifanyaje.

"Zinarudi kwa wenyewe kabla mirathi haijaguswa," maalimu akasema, bado anachokonoa meno. "Hilo halina mjadala."

Hamisi akauliza amana gani tena. Si mtu mbaya Hamisi. Alitaka jina la shangazi yake liwekwe mahali penye kioo na taa. Kabla sijajibu, mwanamke mmoja akasimama upande wa uani, amejishika kiuno, mvi zinatoka chini ya mtandio. Sikuwa nimemtambua tangu asubuhi. "Yangu imo," akasema Zaituni.

Hamisi akamwambia, kwa heshima, kwamba Mama Zaituni hana hata mashine ya kuipigia.

"Kwani wewe cheti chako cha kuzaliwa unakipiga kwenye mashine?" akamjibu, na uani kote wakaguna.

Kijana wa kituo akanigeukia. Alisema zikitawanywa zitaharibika, kwao kuna kiyoyozi na rafu za chuma, na watafiti wangezisikiliza. Nilimwambia anasema kweli, na nilimaanisha. Nyingine zitaharibika. Nyingine watoto watazifanya matairi ya kuchezea. Lakini mwenye haki ya kuiacha iharibike ni mwenyewe, na kama anazitaka, aende nyumba kwa nyumba akaombe, akae uani, apige, angoje. Mimi nilitembea miezi saba, nikamwambia, na wewe una simu yenye spika. Akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, na hapo nikaona kwamba hasira yangu haikuwa juu yake.

Makasha yakaletwa uani. Nilisoma majina niliyoyaandika, kwa mpangilio wa nyumba, kuanzia ya msikitini. Walikuja wenyewe, au mabinti zao, au wakwe. Mjukuu wa Pili alikuja na kanga ya bibi yake kama ushahidi, ingawa hakuna aliyemdai. Zaituni alichukua yake akaiweka kifuani chini ya mtandio, akarudi kuketi. Ilipofika saa kumi makasha yalikuwa na santuri hamsini na tatu. Arobaini na mbili zilikuwa za watu waliohama, ambao watatafutwa. Kumi na moja ni zile zile ambazo hazikuwa na mtu tangu nilipowachomea nguo. Hamisi akapendekeza basi hizo angalau zichukuliwe na kituo. Maalimu akasema zitangazwe kwanza msikitini Ijumaa tatu.

Kijana alikuwa bado ameshika fomu. Akaniuliza sasa arudi ofisini aandike nini. Nikamwambia akate ule mstari wenye jina langu na neno lake, na ule wa vitambaa, ageuze karatasi, aandike kwamba Bi Tunu binti Salehe wa Kisarawe aliweka amana za wanawake wa mtaa wake, na kwamba siku ya arobaini yake zilianza kurudishwa kwa wenyewe. Aliandika taratibu, akiuliza tahajia ya kila jina. Alipomaliza alinipa kalamu, nikasaini.